Kuhamisha data nyingi: kazi isiyoonekana inayobeba mishahara, akiba na afya za watu

Na Mwandishi Wetu

KILA siku, mamilioni ya kumbukumbu za wananchi huhamishwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine bila wenyewe kujua. Orodha ya mishahara hutoka kwa mwajiri na kuingia benki. Majibu ya vipimo hutoka maabara na kuingia wizarani. Hesabu za siku nzima za mawakala wa fedha za simu hukusanywa usiku na kupelekwa makao makuu.

Kazi hiyo ikienda vizuri, hakuna anayeiona. Ikienda vibaya, mteja hukuta akaunti yake haifunguki, mgonjwa huachwa nje ya hesabu, na taarifa za siri za familia hupotelea njiani. Yote matatu yamekwisha kutokea katika nchi zenye mitambo ya kisasa na wataalamu wa kutosha.

Makala haya yanaeleza jinsi data nyingi zinavyoingizwa katika hifadhidata na kutolewa humo, mahali ambapo kazi hiyo hukwama, na hatua zinazochukuliwa ili isigeuke hasara.

Ghala lenye mpangilio

Sehemu kubwa ya kumbukumbu za benki, hospitali na serikali hutunzwa katika hifadhidata za uhusiano, ambazo wengine huziita kanzidata. Hizi ni ghala za taarifa zilizopangwa katika majedwali. Kila mstari wa jedwali ni kumbukumbu moja, na kila safu ni aina moja ya taarifa, kama vile jina, tarehe au kiasi cha fedha.

Majedwali huunganishwa kwa namba maalumu ziitwazo funguo. Kwa njia hiyo, jina la mteja huandikwa mara moja tu, ilhali malipo yake elfu moja hukaa katika jedwali jingine na kumrejelea kwa namba yake.

Msingi wa mpango huo uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM mjini San Jose, California. Mwaka 1974, watafiti wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuiuliza hifadhidata maswali, ambayo baadaye ilijulikana kama SQL. Codd alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Mifumo inayotumika leo, kama Oracle, SQL Server ya Microsoft, MySQL na PostgreSQL, yote imejengwa juu ya msingi huo.

Sifa kubwa ya hifadhidata hizi ni ukali wake. Aliyeijenga akiiwekea masharti, haitapokea malipo ya mteja asiyekuwapo, wala haitakubali wateja wawili watumie namba moja. Ukali huo ndio unaoifanya iaminike. Ndio huohuo pia unaofanya upokeaji wa shehena kubwa kuwa kazi nzito.

Kwa nini mstari mmoja mmoja huchelewesha

Amri ya kawaida ya kuingiza taarifa katika lugha ya SQL ni INSERT. Kila inapotolewa, amri husafiri kupitia mtandao hadi kwenye seva, husomwa na kuhakikiwa, mstari huandikwa, kila faharasa ya jedwali hurekebishwa, kisha seva husubiri diski ithibitishe kwamba kumbukumbu imehifadhiwa hata umeme ukikatika. Ndipo jibu linaporudi kwa aliyetuma, naye akatuma mstari wa pili.

Tuseme mzunguko huo unachukua milisekunde 2 tu, yaani sehemu mbili za elfu za sekunde. Mistari milioni 10 itahitaji sekunde 20,000, ambazo ni zaidi ya saa tano na nusu. Mfumo uliopewa nafasi kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri hautakuwa umemaliza wakati wateja wanaamka.

Ni sawa na mwenye duka anayepokea magunia mia kutoka kwenye lori, lakini kwa kila gunia anaandika risiti, anatia sahihi na kufunga mlango wa ghala kwa kufuli kabla ya kulipokea linalofuata.

Dawa ya kwanza ni kukusanya mistari katika mafungu. Badala ya kufunga hesabu kwa kila mstari, hesabu hufungwa mara moja kwa kila mistari elfu moja au elfu kumi. Hata hivyo, fungu likiwa kubwa kupita kiasi huleta madhara yake: huzuia watumiaji wengine kugusa kumbukumbu zilezile kwa muda mrefu, na hitilafu ikitokea mwishoni, kazi yote ya fungu hilo hufutwa na kuanza upya.

Dawa ya pili ni kutumia amri zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo. PostgreSQL ina amri iitwayo COPY, ambayo hupokea mistari kama maji katika bomba badala ya ndoo moja moja. MySQL ina LOAD DATA, na mwongozo rasmi wa mfumo huo unasema kwamba kwa kawaida amri hiyo huwa na kasi mara 20 kuliko INSERT. SQL Server ina BULK INSERT pamoja na programu ya bcp. Oracle ina SQL*Loader, yenye njia ya moja kwa moja ambayo huandika data katika faili za hifadhidata bila kupita katika hatua zote za kawaida.

Dawa ya tatu inahusu faharasa. Faharasa ya hifadhidata hufanya kazi kama ile ya mwisho wa kitabu: humwezesha msomaji kufika kwenye ukurasa anaoutaka bila kupekua kitabu kizima. Lakini kila mstari mpya unapoingia, faharasa zote za jedwali hilo hubidi kuandikwa upya mahali husika. Kwa jedwali tupu, ni nafuu zaidi kujaza data kwanza na kujenga faharasa baadaye kwa mkupuo mmoja.

Ushauri huo si wa kila mahali. Iwapo jedwali lina mistari milioni 100 na kinachoongezwa ni mistari laki moja, kuondoa faharasa na kuijenga upya kutagharimu kuliko kuiacha. Aidha, watumiaji wanaotafuta taarifa wakati huo wataona mfumo umelala.

Hali ni hiyohiyo kwa ukaguzi wa funguo. Baadhi ya mafundi huuzima kwa muda ili kuongeza kasi. Hatari iliyopo ni kwamba katika MySQL, kwa mfano, kuwasha tena ukaguzi huo hakurudi nyuma kuchunguza mistari iliyoingia wakati umezimwa. Malipo yasiyo na mteja yakishapenya, yatabaki humo hadi siku mtu atakapoyatafuta.

Baada ya kujaza, hatua moja husahaulika mara nyingi: kuitaka hifadhidata ihesabu upya wingi na mtawanyiko wa data zake. Katika PostgreSQL amri ya kufanya hivyo ni ANALYZE. Bila hesabu hizo, mfumo huendelea kudhani jedwali ni dogo kama lilivyokuwa, na huchagua njia mbaya za kutafuta majibu.

Chumba cha kupokelea mizigo

Mizigo inayotoka nje haifai kupelekwa moja kwa moja katika majedwali ya kazi. Utaratibu uliozoeleka ni kuiweka kwanza katika majedwali ya mapokezi, ambayo hayana masharti makali na hupokea kila kitu kama maandishi matupu.

Humo ndimo ukaguzi hufanyika. Je, tarehe hizi ni tarehe kweli? Je, namba hii ya mteja ipo? Je, mstari huu umejirudia? Mistari iliyo safi huhamishiwa katika majedwali ya kazi, na ile yenye kasoro hutengwa pamoja na maelezo ya sababu, ili aliyeituma aweze kuirekebisha.

Kutenga si kutupa. Mfumo unaoruka mistari mibovu kimyakimya na kutangaza kwamba kazi imekamilika ni hatari zaidi kuliko ule unaosimama na kulalamika.

Jambo jingine ni kukatika katikati. Umeme ukizimika faili ikiwa imeingia nusu, msimamizi hulazimika kuamua kama aanze upya. Iwapo faili haikupewa namba yake ya utambulisho, na mfumo haukumbuki kilichokwisha kuingia, kuanza upya huweza kumaanisha mishahara ya nusu ya wafanyakazi kuingizwa mara mbili. Ndiyo maana kila shehena hupewa namba, na shehena yenye namba iliyokwisha kupokewa hukataliwa.

Faili nyepesi, mitego mingi

Data nyingi husafiri katika faili za maandishi zijulikanazo kama CSV, ambamo kila mstari ni kumbukumbu moja na thamani zake hutenganishwa kwa mkato. Faili hizo zilitumika kwa miongo kadhaa kabla ya maelezo ya pamoja ya umbo lake kuchapishwa Oktoba 2005 chini ya jina la RFC 4180. Hadi leo kila programu ina desturi yake ndogo, na hapo ndipo mitego ilipo.

Kiasi cha fedha kilichoandikwa 1,500,000 bila alama za kukizungushia husomwa kama thamani tatu: 1, kisha 500, kisha 000. Safu zote zinazofuata husogea, na namba ya simu hujikuta katika nafasi ya anwani.

Tarehe 03/04/2008 kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ni Aprili 3. Kwa programu iliyowekwa mipangilio ya Marekani, ni Machi 4. Kosa hilo halitoi onyo lolote, kwa sababu tarehe zote mbili ni halali. Hugundulika inapofika siku ya 13 ya mwezi, ambapo nusu ya faili tayari imekwisha kuharibika. Njia salama ni kuandika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku: 2008-04-03.

Majina ya watu wa Afrika Mashariki nayo yana mtego wake. Katika lugha ya SQL, kibainishi kile kinachoandikwa katika ng' ndicho pia alama ya kufunga maandishi. Programu inayojenga amri kwa kuunganisha maneno ovyo hukatika mara inapokutana na jina kama Ng'ang'a. Mbaya zaidi, mlango huohuo hutumiwa na wahalifu wa mtandaoni kupenyeza amri zao. Dawa yake ni kutuma amri na thamani zake kila kimoja peke yake, jambo ambalo mifumo yote mikubwa inaliwezesha.

Programu za lahajedwali kama Excel huongeza tatizo lao. Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo, kwa kuwa programu huiona kama hesabu. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazozidi hugeuzwa sifuri. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20. Anayeifungua orodha ya vitambulisho katika lahajedwali kama namba, akaihifadhi tena, atakuwa amefuta tarakimu tano za mwisho za kila mtu, na hakuna fundi atakayezirudisha kutoka katika faili hiyo.

Wanasayansi pia hawakusalimika. Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni za binadamu kama SEPT1 na MARCH1 kuwa tarehe. Tatizo lilizoeleka kiasi kwamba mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina hayo ilitangaza kwamba imebadilisha majina ya jeni 27. Tangu hapo jeni hizo mbili zimeitwa SEPTIN1 na MARCHF1.

Wagonjwa 15,841 walioachwa nje

Mfano unaotajwa sana wa hatari hii ulitokea Uingereza wakati wa janga la Covid-19. Maabara zilikuwa zikituma majibu ya vipimo kwa shirika la afya ya umma, Public Health England, katika faili za CSV. Shirika hilo liliyaingiza majibu katika faili za Excel za umbo la zamani la XLS kabla ya kuyapeleka katika mifumo mingine.

Faili ya XLS haiwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Umbo jipya lililokuja na Excel ya mwaka 2007 hubeba mistari 1,048,576. Kwa kuwa mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, faili moja ya zamani iliweza kubeba wagonjwa wapatao 1,400 tu. Waliozidi walidondoka.

Matokeo yake, wagonjwa 15,841 waliothibitika kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020 hawakuingia katika takwimu za taifa. Wenyewe walipewa majibu yao. Lakini taarifa zao zilichelewa kuwafikia wafuatiliaji, na watu waliokutana nao hawakuambiwa kwa wakati kwamba wanapaswa kujitenga.

Hakukuwa na mhalifu wala mtambo ulioungua. Kilichokosekana ni ulinganisho rahisi: maabara zimetuma wagonjwa wangapi, na wizara imepokea wangapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo lililopungukiwa na kurasa.

Kutoa data bila kuiangusha huduma

Kutoa data kunaonekana rahisi kuliko kuingiza, lakini kuna ugumu wake. Hifadhidata ya benki hailali. Iwapo nakala inachukua saa mbili kuandikwa, na katikati ya saa hizo mteja akahamisha fedha kutoka akaunti moja hadi nyingine, nakala inaweza kuonyesha fedha zimetoka bila kuonyesha zilikoingia.

Kwa sababu hiyo, programu za kutoa nakala, kama pg_dump ya PostgreSQL, husoma taswira moja ya hifadhidata kama ilivyokuwa dakika kazi ilipoanza, hata kama wateja wanaendelea kuibadilisha. Programu ya mysqldump hufanya hivyo pia ikiagizwa, kwa majedwali ya aina ya InnoDB.

Vilevile, usomaji wa jedwali zima hulemea seva. Taasisi nyingi hutoa data kutoka katika seva ya pili inayofuatisha kila badiliko la ile kuu, ili mteja aliye dirishani asisubiri kwa sababu ya ripoti. Nyingine hazitoi jedwali zima kila usiku, bali hutoa tu kilichobadilika tangu jana, kwa kusoma daftari la mabadiliko ambalo hifadhidata yenyewe hulitunza.

Swali zito zaidi ni nini kitolewe. Oktoba 2007, idara ya kodi ya Uingereza, HMRC, ilituma kwa ofisi ya taifa ya ukaguzi santuri mbili za kompyuta zenye orodha yote ya wanaopokea posho ya watoto. Ndani yake mlikuwa na taarifa za watu milioni 25: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa na, kwa wengine, akaunti za benki. Santuri zilikuwa na nywila lakini hazikufichwa kwa usimbaji. Hazikufika.

Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alilitangazia Bunge habari hiyo Novemba 20, 2007, na mwenyekiti wa HMRC, Paul Gray, akajiuzulu. Ilibainika baadaye kwamba wakaguzi hawakuhitaji taarifa za benki na walikuwa wameomba ziondolewe, lakini hilo halikufanyika kwa kuhofia gharama ya ziada ya kuzichuja. Kuchuja safu chache kwa lugha ya SQL ni kazi ndogo kwa fundi. Katika ofisi ile iligeuka suala la mkataba na malipo.

Funzo lake limeingia katika sheria za nchi nyingi, ikiwamo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Anayetoa data hupaswa kutoa zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyokusudiwa.

Njia ya kupitishia mzigo

Ukubwa wa mzigo hubidi kulinganishwa na upana wa njia. Terabaiti moja ya data ni biti trilioni 8. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, itahitaji sekunde 800,000, ambazo ni zaidi ya siku tisa. Kwa megabiti 100 itachukua saa 22 hivi, na kwa gigabiti moja, saa mbili na robo. Hesabu hiyo inadhani laini haikatiki na hakuna mwingine anayeitumia.

Septemba 2009, kampuni moja ya Afrika Kusini iliyochoshwa na kasi ya mtandao ilimfunga njiwa aitwaye Winston kadi ya kumbukumbu yenye gigabaiti 4, akaruka kutoka Howick kuelekea Durban. Safari pamoja na kuiingiza data katika kompyuta ilichukua zaidi kidogo ya saa mbili. Wakati huo, mtandao ulikuwa umepeleka asilimia 4 tu ya data hizo.

Mwaka huohuo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika katika pwani ya Afrika Mashariki, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010, na utegemezi wa satelaiti ukapungua. Hata hivyo, kwa shehena kubwa mno, kampuni duniani kote bado husafirisha diski zilizofungiwa kwa usimbaji kwa gari au ndege. Mahali pengine, kubana faili kabla ya kuituma hutosha, kwani maandishi yenye maneno yanayojirudia hubanika sana.

Siku ya kuhama nyumba

Kazi ngumu kuliko zote ni kuhamisha mfumo mzima. Wateja wa simu nchini Kenya walishuhudia uhamisho wa aina hiyo Aprili 2015, Safaricom ilipohamisha mitambo ya M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya na kuingia katika jukwaa jipya.

Uingereza, benki ya TSB ilikuwa na bahati tofauti. Baada ya kununuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania mwaka 2015, iliamua kuondoa kumbukumbu za wateja wake milioni 5.2 katika mifumo ya Lloyds na kuziweka katika mfumo mpya. Uhamisho ulifanyika kwa mkupuo mmoja mwishoni mwa wiki, Aprili 20 hadi 22, 2018.

Milango ilipofunguliwa, wateja wengi hawakuweza kuingia katika akaunti zao, na baadhi waliona akaunti za watu wengine. Matatizo hayakumalizika kabisa hadi Desemba mwaka huo. Mkurugenzi Mtendaji, Paul Pester, aliondoka Septemba. Benki ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, na Desemba 2022 mamlaka za usimamizi, FCA na PRA, ziliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

La kuzingatiwa ni kwamba, kwa mujibu wa mamlaka hizo, data zenyewe zilihama salama. Kilichoanguka ni mfumo uliozipokea. Uchunguzi wa mawakili wa Slaughter and May uliochapishwa Novemba 2019 ulieleza kuwa mfumo haukuwa tayari, na kwamba majaribio ya kubeba mzigo yalifanywa katika kituo kimoja tu cha data kati ya viwili vilivyokusudiwa kutumika.

Kwa hiyo, kufika kwa mistari yote ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba nyumba mpya inawabeba wakazi wote wanapoingia kwa wakati mmoja.

Kuhakiki na kujiandaa kurudi nyuma

Uhakiki huanza kwa hesabu za kawaida. Idadi ya mistari iliyotumwa ilingane na iliyopokewa pamoja na iliyokataliwa. Jumla ya fedha katika safu ya salio iwe ileile pande zote mbili hadi senti ya mwisho. Kisha faili yenyewe hupigiwa hesabu maalumu inayotoa alama fupi. Herufi moja ikibadilika njiani, alama hiyo hubadilika pia. Mwisho, akaunti kadhaa huchaguliwa bila mpangilio na kusomwa na mtu kwa macho.

Nakala ya akiba nayo haitoshi kuwapo tu. Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya data katika seva kuu akidhani yuko katika ile ya pili. Nakala zilizodhaniwa kutolewa kila siku kwa pg_dump hazikuwapo, kwa sababu toleo la programu hiyo halikulingana na toleo la hifadhidata, na maonyo yake hayakuwafikia wahusika. Kampuni iliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita hivi kabla ya ajali kwa kazi nyingine kabisa. Data zilizoandikwa katika saa hizo zilipotea.

Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurudishwa, basi, haipaswi kuhesabiwa kuwa nakala.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuanza

Msimamizi asiye fundi hahitaji kujua amri zote zilizotajwa hapa. Anaweza hata hivyo kuuliza maswali machache kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, mistari mingapi inatoka na nani atathibitisha kwamba mingapi imefika? Pili, mistari iliyokataliwa itaandikwa wapi, na nani ataisoma? Tatu, je, shehena hii ikiingizwa mara mbili kwa bahati mbaya, nini kitatokea? Nne, ni safu zipi zinazotolewa bila kuhitajika? Tano, mfumo mpya umejaribiwa kwa wingi halisi wa data na watumiaji, au kwa mfano mdogo tu? Sita, saa ngapi kamili itaamuliwa kwamba kazi imeshindikana na turudi katika mfumo wa zamani, na kurudi huko kumejaribiwa lini?

Fundi mwenye majibu ya maswali hayo atayatoa kwa dakika kumi. Asiyekuwa nayo apewe muda wa kuyatafuta, hata kama tarehe ya uhamisho imekwisha kutangazwa kwa wateja.